Bibi Hana Kibao Barabarani

Yatima wengi wa Afrika Mashariki wanalelewa na ndugu zao, lakini misaada mingi hupita mlangoni mwa ndugu hao ikielekea kwenye makao ya watoto. Rwanda na Kenya zimeanza kugeuza njia hiyo. Mkoa wa Kagera ulishaonyesha jinsi inavyowezekana.

Ramadhani inapofika katikati, na tena wiki mbili kabla ya Krismasi, makao ya watoto katika miji yetu hayakosi wageni. Gari la kampuni huingia getini, wafanyakazi waliovaa fulana za sare hushusha magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya kula, katoni za sabuni na biskuti. Watoto hupangwa mstari kwa kimo, wadogo mbele, kisha huimba wimbo uleule waliowaimbia wageni wa wiki iliyopita. Meneja hutoa hotuba fupi. Mlezi mkuu hushukuru, halafu hutaja yaliyobaki: ada, bima ya afya, bili ya maji. Picha hupigwa huku watu sita wakishika gunia moja. Sisi waandishi tumeizoea habari hii kiasi kwamba tunaweza kuiandika kabla hatujafika.

Mchele hauna kosa, na waliouleta hawana nia mbaya. Watoto watakula. Lakini kati ya ofisi ya kampuni na geti la makao, gari lile limepita mitaa minne au mitano yenye bibi, shangazi na kaka wakubwa wanaolea watoto waliofiwa, na halikusimama. Bibi hana kibao barabarani. Hana akaunti ya benki yenye jina la taasisi, hana mtu wa kugonga muhuri kwenye hati ya mapokezi, na nyumba yake ya vyumba viwili haitoshi kwa picha ya pamoja. Hata hivyo, ni yeye anayelea wengi.

Takwimu inayosomwa vibaya

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) lilikadiria kuwa mwaka 2015 dunia ilikuwa na yatima karibu milioni 140, milioni 52 kati yao wakiwa barani Afrika. Ukiisikia tarakimu hiyo kwenye harambee, unapata picha ya mtoto asiye na mtu. Lakini katika hesabu ya UNICEF, mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tu naye huhesabiwa. Waliofiwa na baba na mama walikuwa kama milioni 15, na hata hao, wengi mno wanaishi na bibi, mjomba, shangazi au ndugu mwingine.

Sasa tugeukie walioko ndani ya makao. Ripoti ya Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kwamba watoto wasiopungua wanne kati ya kila watano wanaoishi katika taasisi za malezi duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kwa hiyo tuna yatima walio wengi wasiokaa kwenye makao, na tuna watoto wa makao walio wengi wasio yatima kwa maana tunayoifikiria tunapochanga.

Wamefikaje huko? Waulize maofisa ustawi wa jamii wa wilaya yoyote, watakutajia visa vinavyofanana. Mama amefariki akijifungua, na baba kibarua hawezi kununua maziwa ya kopo kila wiki. Baba amekufa, mama ameolewa tena, na mume mpya hataki mtoto wa mtu. Bibi ameanza kuumwa magoti na hawezi tena kulima. Mtoto ana ulemavu, na shule inayompokea pamoja na kliniki anayoihitaji vyote viko mjini. Ada za shule za msingi zilifutwa Tanzania na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini sare, madaftari, michango na chakula cha mchana havikufutwa. Katika makao, mzazi anaona kitanda chenye chandarua, milo mitatu na shule. Anapiga hesabu ambayo hata mimi na wewe tungeipiga.

Ubaya ni kwamba hesabu hiyo inaandaliwa na fedha zetu. Kila msaada unapowekwa nyuma ya geti, na nyumbani kukabaki kukavu, tunamwambia mzazi maskini kwamba njia ya kumpatia mwanawe shati jipya ni kumtoa nyumbani. Nchi zenye watalii zimeona hatua ya pili ya jambo hili: makao huzaliwa karibu na njia ya wageni, na watoto hutafutwa ili vitanda vijae. Bunge la Australia lilipofanya uchunguzi wake kuhusu utumwa mamboleo mwaka 2017, lilisikia ushahidi wa watoto waliochukuliwa kwa wazazi wao kwa ahadi za uongo ili wavutie michango ya wageni na wafanyakazi wa kujitolea, na likakubali kuwa hiyo ni aina ya usafirishaji haramu wa binadamu. Desemba 2019, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalozitaka nchi zisiwatenganishe watoto na familia zao kwa sababu ya umaskini.

Mfumo uliozaliwa na janga

Makao ya watoto yana historia ndefu katika pwani yetu, na mwanzo wake una mantiki. Mwaka 1864, Askofu Tozer na Daktari Steere wa misheni ya Kianglikana walipofika Zanzibar, Sultani aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa wamenyang'anywa wafanyabiashara wa watumwa. Miaka minne baadaye, Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo na kuwakusanya watoto waliokombolewa. Mwaka 1875 ikaanzishwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Watoto wale walikuwa wametolewa bara la mbali, wengine wakiwa wadogo kiasi cha kutojua jina la kijiji chao. Kuwarudisha kwao hakukuwezekana, kwa hiyo walijengewa bweni, shule na kanisa mahali pamoja.

Janga la mwaka 1994 nchini Rwanda lilikuwa na sura hiyohiyo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliacha watoto wanaokadiriwa kufikia 95,000 wakiwa yatima. Desemba ya mwaka huo, Rosamond Carr, mkulima wa maua Mmarekani aliyekuwa na umri wa miaka 82, aligeuza banda la kukaushia pareto kwenye shamba lake la Mugongo, karibu na Gisenyi, kuwa makao ya watoto na kuyaita Imbabazi. Hakuna mwenye moyo atakayemlaumu. Nchi nzima ilikuwa na makaburi na kambi, na mtoto aliyeokotwa barabarani alihitaji kulala mahali usiku ule.

Tatizo huja vita vinapokwisha na banda likabaki. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya mtoto ambaye ukoo wake umefutika ulirithiwa na kutumiwa kwa mtoto ambaye bibi yake yuko kijiji cha pili. UKIMWI ulipoanza kuua wazazi wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, wafadhili wengi walikuja na ramani moja tu ya jengo.

Kilichopimwa Bucharest

Jengo la namna hiyo humfanyia nini mtoto? Hilo lilipimwa mbali na kwetu. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka nchini Romania Desemba 1989, kamera za dunia ziliingia kwenye taasisi za watoto za nchi hiyo. Kulikuwa na vitanda vya chuma, lishe duni, na walezi wachache mno kwa watoto wengi. Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Charles Zeanah na Nathan Fox walifuatilia watoto 136 wa taasisi za Bucharest. Kwa kura, nusu walihamishiwa kwenye familia zilizofunzwa na kulipwa ili kuwalea, na nusu waliendelea na malezi ya kawaida ya wakati ule. Kikundi cha tatu kilikuwa cha watoto waliolelewa na wazazi wao wenyewe mjini humo.

Walipofika miaka minne na nusu, wastani wa kipimo cha akili cha waliobaki katika taasisi ulikuwa 73. Waliohamishiwa kwenye familia walipata 81. Waliokulia kwao walipata 109. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliohamishwa kabla hawajatimiza miaka miwili. Taasisi za Romania zilikuwa mbaya kuliko makao mengi ya kwetu, na ni haki kusema hivyo. Lakini utafiti ule ulionyesha kitu ambacho mlezi yeyote mwaminifu wa makao atakukubalia: mtoto mchanga anahitaji mtu mmoja anayemjua kwa sauti na harufu, atakayekuwepo kesho na kesho kutwa. Walezi wa makao hufanya kazi kwa zamu. Wageni wa kujitolea hukaa wiki mbili, wakazoeleka, wakapanda ndege. Mtoto wa miaka mitatu anayemkimbilia na kumkumbatia kila mgeni anayeingia getini huwafurahisha wageni. Kwa wataalamu wa malezi, hiyo ni dalili ya mtoto aliyekosa mtu wake mwenyewe.

Waswahili tunasema tenda wema nenda zako. Ni wasia mzuri kwa anayesubiri shukrani. Lakini katika malezi, hiyo "nenda zako" ndiyo inayomuumiza mtoto.

Rwanda yageuza njia

Machi 2012, Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi ya watoto. Serikali, kwa kushirikiana na shirika la Hope and Homes for Children, ilikuwa imehesabu: taasisi 33, watoto 3,323. Kila mtoto akatafutiwa historia yake, wa kwao wakasakwa, na safari ya kurudi nyumbani au kwenda kwenye familia mpya ikapangwa mmojammoja. Mwaka uliofuata ulianzishwa mpango uitwao Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee watoto katika familia, ukisaidiwa na UNICEF.

Walioandaa mpango huo hawakutegemea huruma peke yake. Kila kijiji kilichagua watu wawili, mwanamume na mwanamke, waitwao Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia. Rwanda ina vijiji 14,837, kwa hiyo ni karibu watu 30,000 wanaopita nyumba kwa nyumba, wakiuliza mtoto aliyerudishwa anakula, anakwenda shule, anapigwa. Wako pia wazazi wa kujitolea wanaopokea mtoto asiye na ndugu, na jina lao kwa Mswahili halihitaji mkalimani: Malayika Murinzi. Imbabazi yenyewe haikubaki kuwa makao ya yatima.

Mambo hayakwenda kama maji. Watoto wenye ulemavu ndio waliochelewa zaidi kupata familia, kama ilivyotokea Romania na kwingineko, kwa sababu familia inayokubali mtoto mwenye mtindio wa ubongo inahitaji kiti, dawa, mazoezi ya viungo na shule, na vyote hivyo vilikuwa vimewekwa katika taasisi. Somo lake ni kwamba fedha za taasisi lazima zimfuate mtoto. Zikibaki jengoni, mtoto naye atabaki jengoni, au atarudi nyumbani mikono mitupu.

Kenya: sheria ipo, kazi ndiyo inaanza

Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya hisani Novemba 2017. Mwaka 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto pamoja na mkakati wa miaka kumi wa kuhamisha malezi kutoka taasisi kwenda familia na jamii. Sheria hiyo inatambua malezi ya ndugu, na kwa Waislamu inatambua kafala, utaratibu ambao familia humlea mtoto kama wake bila kumfuta jina na nasaba ya babake. Kwa watu wa Lamu, Malindi na Kwale, hilo ni jambo lililokuwa likifanyika vizazi na vizazi bila karatasi. Sasa lina mlango mahakamani.

Lakini kazi iliyobadili maisha ya kaya nyingi zaidi ilianza mapema, bila kelele. Mwaka 2004, Serikali ya Kenya kwa msaada wa UNICEF ilianza kuzipa kaya 500 zinazolea yatima ruzuku ya Sh500 kwa mwezi, katika maeneo ya Nairobi, Kwale na Garissa. Kiwango kilipanda hadi Sh1,500, kisha Sh2,000, na mpango ukaenea nchi nzima hadi kuingizwa katika mpango wa ruzuku wa Inua Jamii. Watafiti walipolinganisha kaya zilizopata fedha na ambazo hazikupata, walikuta vijana wa kaya zilizopata walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusoma sekondari, walichelewa kuanza ngono, na wasichana walipata mimba chache. Hakuna aliyewahubiria. Msichana ambaye sabuni, pedi na nauli vimepatikana nyumbani hana deni kwa kijana wa bodaboda.

Udhaifu wa mpango huo unajulikana na kila anayeupokea: malipo huchelewa. Bibi aliyekopa unga dukani akitegemea fedha za Machi, akazipata Juni, ameshapoteza imani ya mwenye duka. Fedha ndogo inayofika kwa wakati ina nguvu kuliko kubwa isiyojulikana siku yake.

Chumvi, sabuni na viatu vya shule

Nshamba ni kata ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, nchi ya migomba na mibuni. Humo, mwaka 2003, ulianzishwa mradi wa Kwa Wazee kwa juhudi za Kurt Madörin, Mswisi aliyekuwa ameshafanya kazi na watoto yatima wa eneo hilo. Wazo lake lilikuwa rahisi kiasi cha kutiliwa shaka: yatima wa Nshamba wanalelewa na mabibi, basi wapeni mabibi pensheni. Kila mzee aliyeandikishwa alipata kama Sh6,000 kwa mwezi, na nyongeza kwa kila mjukuu anayemlea.

Mwaka 2008 ilitoka tathmini iliyopewa jina la vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Watafiti walilinganisha kaya zenye pensheni na majirani wasioipata bado. Kusoma matokeo yake ni kuingia jikoni mwa mtu. Bibi asiye na pensheni hupika bila chumvi, au humtuma mjukuu kuomba kijiko kwa jirani, na jirani naye ana kikomo chake. Mtoto asiye na sabuni huenda shule na shati chafu, akachekwa au akarudishwa, mwisho akaacha. Mjukuu wa bibi asiye na kipato hulima vibarua kwenye mashamba ya watu siku za masomo ili alipwe ndizi za jioni. Pensheni ilipoingia, kuombaomba kulipungua na chakula kikaongezeka. Mabibi walisema pia kuhusu kitu kisichopimwa kwa mizani: waliweza kuhudhuria msiba na kutoa rambirambi kama watu wengine. Mjukuu anayemwona bibi yake akiheshimiwa kijijini anajua anatoka nyumba ya watu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliokuwa wakisema mabibi wa Kagera watazila fedha hizo kwa pombe walikuwa hawajabeba mzigo wenyewe.

Kagera inatupa pia hesabu ya upande wa pili. Benki ya Dunia, ikiandika kuhusu UKIMWI katika miaka ya 1990, ilionyesha kuwa kumtunza mtoto mmoja kwenye makao mkoani humo kuligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama ya kumsaidia katika familia inayomlea. Katika makao unalipia mlinzi, mpishi, dereva, mhasibu, umeme, dizeli na ukarabati wa paa. Bibi analipia chakula, na kazi yake mwenyewe haitozi.

Serikali nazo zilikuja kupita njia hiyo. Mwaka 2010, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulijaribu ruzuku katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Nusu ya vijiji vilianza kupata, nusu vikasubiri. Moja ya tofauti zilizojitokeza wazi ilikuwa miguuni: watoto wa kaya zenye ruzuku walikuwa na viatu. Familia nyingi zaidi pia zilijiunga na bima ya afya ya jamii na kununua mifugo midogo. Jaribio hilo lilifungua njia ya Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, ambao baadaye ulifikia kaya zaidi ya milioni moja. Aprili 2016, Zanzibar ilianza Pensheni Jamii ya Sh20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi. Hakuna mahali pensheni hiyo ilipoitwa mradi wa yatima, lakini ingia Makunduchi au Wete uone fedha ya bibi inaishia kwenye daftari la nani.

Chakula kimfuate shuleni

Kuna mahali pengine ambapo msaada humkuta mtoto bila kumhamisha: shuleni. Shirika la Mary's Meals, lililoanzishwa na Mskoti Magnus MacFarlane-Barrow, lilianza mwaka 2002 kwa kuwapikia uji watoto 200 nchini Malawi. Leo linalisha zaidi ya milioni mbili katika nchi mbalimbali. Nchini Kenya, Wawira Njiru alianza mwaka 2012 na jiko dogo Ruiru, na shirika lake la Food for Education limekua hadi kupika kwa majiko makubwa ya pamoja. Kikombe cha uji cha saa nne kina faida ambayo makao hayana. Hakimuulizi mtoto kama ni yatima, na hakimtengi na wenzake. Kinampunguzia bibi mlo mmoja kwa siku, na kwa mwenye wajukuu wanne hiyo ni tofauti kati ya kuwabakiza na kuwatoa.

Wasio na pa kurudi

Ni rahisi kuusifu ukoo ukiwa mbali nao. Wapo watoto ambao hatari iko nyumbani: aliyebakwa na baba wa kambo, aliyechomwa moto na shangazi kwa kula mboga, binti anayeandaliwa kuozwa. Yupo mchanga aliyeokotwa jalalani. Hawa wanahitaji mlango wa kubisha usiku uleule. Familia za kuaminika zinazompokea mtoto kwa dharura, na malezi ya kambo yanayosimamiwa kisheria, bado ni chache ukilinganisha na mahitaji.

Watoto wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa wanatufundisha pande zote mbili. Mashambulizi yalipozidi miaka ya 2000, Serikali iliwakusanya katika shule na vituo kama Buhangija mkoani Shinyanga na Kabanga mkoani Kigoma. Kuta zile ziliokoa maisha. Hilo halina ubishi. Lakini hifadhi iliyokusudiwa kuwa ya muda ikawa ya miaka, wazazi wengine wakaacha kuja, na watoto wakakua bila kujua ndugu zao. Mtoto aliingizwa kwa sababu nzuri, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuandaa siku yake ya kutoka.

Hapo ndipo makao mazuri yanapojipambanua na mengine. Yapo yanayompokea mchanga aliyefiwa na mama, yakamlisha hadi avuke kipindi cha hatari, huku yakimwita baba au shangazi aje kila mwezi kumbeba, ili siku ya kurudi asiende kwa wageni. Makao ya namna hiyo yanastahili mchango, na mkubwa.

Uliza kabla hujatoa

Tumezoea kuwalaumu wageni, lakini wafadhili wa mwisho wa mwaka ni sisi: kampuni zetu, vikundi vyetu vya WhatsApp, kamati za harusi zilizobakiwa na chakula, vyama vya wahitimu. Kanuni zinaweza kuandikwa Nairobi au Dodoma, ila gari linaelekezwa na anayelipa mafuta.

Kabla ya kutoa, uliza mambo manne. Makao yana leseni ya ustawi wa jamii? Watoto wangapi wana mzazi au ndugu anayejulikana, na je, kila mtoto ana faili lenye majina yao? Mwaka jana walirudi nyumbani wangapi? Na aliyerudi, nani anamfuatilia? Msimamizi anayefanya kazi yake vizuri atafurahi kuulizwa. Pengine wewe ndiye mgeni wa kwanza kuuliza kitu kingine zaidi ya idadi ya watoto. Jibu likiwa zuri, toa fedha kwa ajili ya nauli ya ofisa anayefuatilia waliorudi, maana hicho ndicho kifungu ambacho hakuna mfadhili anayependa kukipigia picha.

Halafu angalia mtaani kwako. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kamati ya MTAKUWWA (ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake na watoto), imamu, katekista na mwalimu mkuu wanajua majina. Mwalimu hasa anajua nani hubaki darasani wenzake wakienda kula. Ukihisi mtoto anateswa, namba ni 116, Tanzania na Kenya, bila malipo. Na picha za watoto ziache. Atakayekuwa na miaka ishirini na tano akitafuta kazi hatapenda kujikuta kwenye mtandao akiwa amepiga magoti mbele ya katoni ya sabuni.

Kampuni iliyozoea kutoa kwa mkupuo mwezi Desemba inaweza kuigawa fedha ileile kwa miezi kumi na miwili, ikachukua kaya kumi za wazee wanaolea wajukuu karibu na ofisi yake, na kuhakikisha malipo yanafika tarehe moja kila mwezi bila kusubiri mgeni rasmi. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na gharama ya kazi hiyo inajulikana: ni chumvi, sabuni, daftari, viatu, na mtu mzima mwenye nguvu ya kuamka alfajiri. Vinne vya kwanza vinauzwa dukani. Wa tano tayari yupo, na anachohitaji ni kuwezeshwa ili asishindwe.